Baada ya Soto, nani asimame mbele ya Judge? Maswali ya kikosi cha Yankees kabla ya 27 Machi

#1 Mleta uzi (Bronx, 16 Machi 2025)

Wakuu, habari za Jumapili. Zimebaki siku 11 Yankees, timu yetu ya besiboli hapa New York, wafungue msimu nyumbani dhidi ya Milwaukee Brewers, na usingizi wangu wiki hii ni wa mang'amung'amu kwa ajili ya karatasi moja tu: ile ya majina tisa ambayo kocha Aaron Boone ataibandika ukutani saa chache kabla ya mechi. Naomba tuijadili hapa kwa Kiswahili chetu, maana kazini nimeshawachosha wote.

Kwa wadau ambao besiboli hawaifuati sana, naeleza kidogo. Timu ina wapigaji tisa wanaopokezana kwa foleni. Foleni inapangwa kabla ya mechi na haibadiliki. Kocha anaweza kumtoa mtu na kumwingiza mwingine, lakini anayeingia anakaa nafasi ileile ya aliyetoka. Mpigaji akimaliza zamu yake anarudi mkiani kusubiri wenzake wanane. Mechi ina ngwe tisa, na katika kila ngwe timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe. Ukifika besi ya kwanza, ukazungushwa ya pili na ya tatu mpaka nyumbani, pale unapopigia, ni alama moja. Ndiyo maana kumjua nani anatangulia na nani anafuata ni nusu ya mchezo wenyewe.

Mwaka jana swali hili halikuwepo. Juan Soto wa pili, Aaron Judge wa tatu, kazi imeisha. Soto alipiga homurani 41 (mpira unaruka nje ya uwanja, mpigaji anazunguka besi zote), na katika kila zamu 100 alifika besi karibu mara 42. Judge alipiga homurani 58, akaingiza alama 144, akafika besi karibu mara 46 kwa kila zamu 100, akachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Mrushaji alikuwa anatoka kwa Soto jasho linamtiririka, ameshatupa mipira saba au minane, akiinua kichwa anamkuta Judge amesimama na futi zake sita na inchi saba. Desemba Soto akavuka daraja kwenda Mets, timu nyingine ya New York, miaka 15, dola milioni 765. Iliniuma na bado inaniuma. Gleyber Torres, aliyemaliza msimu akiwa mpigaji wetu wa kwanza, naye kaenda Detroit. Kwa hiyo mbele ya Judge pamebaki wazi kabisa.

Nikiwatazama waliobaki, naona hivi.

Anthony Volpe ana mbio, aliiba besi 28 mwaka jana (kukimbilia besi inayofuata mpira haujapigwa), na wengi kazini wanamtaka yeye aanze. Mimi nakataa. Katika kila zamu 100 alifika besi mara 29 tu. Sheria hairuhusu mtu kuiba besi ya kwanza, lazima uifikie mwenyewe. Mbio za mtu anayerudi benchi mara 71 kati ya 100 zinamsaidia nani? Glavu yake pale shotstopu, kati ya besi ya pili na ya tatu, naipenda kuliko maneno yanavyoweza kueleza, lakini foleni ni habari nyingine.

Jazz Chisholm, kijana wa Bahamas, ana homurani 24 na besi 40 za kuiba ukijumlisha Miami na huku kwetu. Anafika besi mara 32 hivi. Huyu moyo wangu unasita. Ana nguvu za kumwingiza mtu nyumbani, na mtu wa namna hiyo ukimweka wa kwanza anapiga besi zikiwa tupu.

Ben Rice, mashoto, tarehe 6 Julai mwaka jana aliwekwa wa kwanza dhidi ya Boston akapiga homurani tatu siku ileile, na hakuna mchezaji mgeni (wa msimu wa kwanza) wa Yankees aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Nilikuwa jikoni, nilipiga kelele mpaka mtu akadhani nimeungua. Baada ya hapo warushaji walimsoma, akarudishwa ligi ya chini. Giancarlo Stanton viwiko vyote viwili vinamsumbua na hajapiga kwenye kambi ya mazoezi Tampa, kwa hiyo nafasi ya mpigaji asiyecheza ulinzi iko wazi na Rice anaiwania.

Halafu kuna Austin Wells. Mdakaji! Boone amekuwa akimjaribu wa kwanza kambini. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani wamekosea kusoma karatasi. Mdakaji, anayedaka mipira ya mrushaji, ndiye mtu mzito, magoti yamechoka kwa kuchuchumaa mipira zaidi ya mia kila mechi, na kwa mazoea anawekwa chini kwenye foleni apumue. Lakini Wells ana jicho. Haufukuzi mpira mbaya. Alifika besi mara 32 kwa 100 katika msimu wake wa kwanza kamili, akapiga homurani 13, na ni mashoto kwenye uwanja wenye ukuta wa karibu upande wa kulia.

Swali langu kubwa ndilo hilo: nani aanze? Maswali madogo yapo mawili: besi ya tatu ni ya nani, na je, Jasson Domínguez yuko tayari kwa uwanja wa nje kushoto? Karibuni.

#2 Mdau, Dar es Salaam

Mkuu heshima yako. Mimi nilicheza kidogo pale Azania Sekondari, mchezo huu tulioletewa na Wajapani, kwa hiyo kushika gongo nimeshika. Kitu ambacho sikuwahi kukielewa ni kwa nini mnasumbuka na nani aanze. Kwetu mwalimu alituambia mwenye mbio aanze, mwenye nguvu awe wa nne, basi. Mpigaji wako bora si ndiye umweke wa nne awakute wenzake watatu wamejaa kwenye besi?

#3 Mleta uzi

Mkuu wa Azania, umenifurahisha sana kwa kufika. Mwalimu wako hakukosea, ndivyo ulivyofundishwa mchezo huu kwa miaka mingi sana.

Ila hesabu iko hivi. Msimu una mechi 162. Kila ngazi moja unayomshusha mtu kwenye foleni, unampunguzia karibu zamu 18 kwa msimu mzima. Ukimtoa Judge nafasi ya pili ukampeleka ya nne, umemnyang'anya zamu zaidi ya 30. Zamu hizo zinaenda kwa nani? Zinaenda kwa mtu asiye Judge! Na mara nyingi zamu ya ziada inapatikana ngwe ya tisa, wawili wameshatolewa, umezidiwa alama moja. Ukifika hapo unataka nani awe anatembea kuelekea pale kwenye sahani ya kupigia?

Kitu cha pili nilifundishwa na mzee mmoja Mdominika wa Santiago, Jamhuri ya Dominika, niliyefanya naye kazi jikoni miaka sita. Redio yake ilikaa juu ya makreti ya vitunguu, matangazo ya Kihispania, na pembeni ana daftari la mistari aliyoichora mwenyewe kwa rula. Kila mpigaji ana mstari wake, kila ngwe ina safu yake. Walinzi wana namba: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotstopu 6, uwanja wa kushoto 7, wa kati 8, wa kulia 9. Mtu akipiga mpira wa kuburuza kwa shotstopu naye akarusha besi ya kwanza, unaandika 6-3. Akitolewa kwa straiki tatu (mipira mizuri aliyoshindwa kuipiga) akiwa amepunga gongo, unaandika K. Akitolewa akiwa ameduwaa anatazama tu, unaiandika K kinyumenyume, mgongo umegeuka upande wa pili. Aliniambia: "Hebu angalia safu ya pili, ya tatu, ya nne. Nani ameanza?" Nikaangalia. Ngwe ya pili alianza wa tano. Ya tatu akaanza wa nane. Yule wa kwanza ana uhakika wa kuanza mara moja tu, ngwe ya kwanza. Baada ya hapo foleni inajizungukia yenyewe.

Tangu siku hiyo nikaacha kumtafuta mwenye mbio. Ninamtafuta mtu ambaye Judge akiinuka, yeye yuko besi.

#4 Mdau, Toronto

Salamu kutoka kwa mahasimu. Mimi ni wa Blue Jays, kwa hiyo ushauri wangu upokee kwa tahadhari.

Mnalia sana na mbele ya Judge mkasahau nyuma yake. Tarehe 3 Agosti mwaka jana, hapo hapo kwenu Bronx, kocha wetu John Schneider alimpa Judge besi ya bure kwa makusudi, yaani aende besi ya kwanza bila kupiga. Ngwe ya pili! Wawili nje, besi zote tupu! Hiyo ni heshima ya kupita kiasi, lakini mantiki yake ilikuwa wazi: nipe mwingine yeyote nipambane naye. Judge alipewa besi za bure 133 msimu ule, 20 kati yake za makusudi kabisa. Na hapo Soto alikuwepo!

Sasa nani alikuwa akipiga nyuma ya Judge kwa kipindi kirefu mwaka jana? Wells huyo huyo. Alikaa wa nne na akafanya kazi nzuri. Ukimhamisha mbele, umeziba tundu moja umefungua jingine. Sisi tutafanya nini? Tutampa tena Judge besi ya bure na kusubiri anayefuata.

#5 Mleta uzi

Mdau wa Toronto, hapo umenigusa penye kidonda. Siku ile nilikuwa nimeshika kalamu, nikaandika alama ya besi ya bure kwenye daftari nikatazama safu: ngwe ya 2. Sikuwahi kuona kitu kama kile.

Nimefikiri tangu asubuhi. Jibu langu ni Cody Bellinger. Tumemchukua kutoka Cubs, mashoto, mchezaji bora wa ligi ya Taifa (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani) mwaka 2019 akiwa Dodgers. Si yule wa 2019 tena, mwaka jana homurani 18 na alama 78 alizoingiza, lakini hatolewi ovyo kwa straiki tatu. Anaugusa mpira. Nyuma ya mtu anayepewa besi za bure nyingi unahitaji mtu wa namna hiyo, mpira uguswe, Judge atembee. Nitaongeza kitu ambacho si hoja, ni furaha yangu tu: baba yake, Clay Bellinger, alikuwa kwenye vikosi vya Yankees vilivyochukua ubingwa mwaka 1999 na 2000. Mtoto amerudi nyumbani kwa baba.

Kwa hiyo dhidi ya mrushaji wa mkono wa kulia mimi ningeandika Wells, Judge, Bellinger, Chisholm, Paul Goldschmidt, Rice, Volpe, Domínguez, na wa tisa yule atakayepata besi ya tatu. Dhidi ya mrushaji mashoto ningempumzisha Wells na mzigo wa kuanza, nikamweka Goldschmidt wa kwanza. Najua ana miaka 37 na mwaka jana alishuka, lakini warushaji mashoto amewaadhibu maisha yake yote. Mtu wa mkono wa kulia akikutana na mashoto anauona mpira ukija kwake, hauendi mbali naye. Hilo halizeeki haraka.

#6 Mdau, Houston

Kaka, mimi ni dada yenu wa Houston, timu yangu ni Astros, na Domínguez namjua vizuri kuliko nilivyotaka. Tarehe 1 Septemba 2023 nilikuwa uwanjani na watoto. Siku yake ya kwanza ligi kuu, zamu yake ya kwanza kabisa, mrushaji ni Justin Verlander. Akampiga homurani. Mwanangu mdogo akaniuliza, mama, huyu ni nani? Sikuwa na jibu.

Ndani ya mechi nane akawa na homurani nne, kisha kiwiko kikakatika akapasuliwa. Sasa ana miaka 22. Kwa nini umemweka wa nane? Kijana kama huyo ukimzika mkiani unamvunja moyo. Na nimesikia watu wanamlalamikia ulinzi. Ni kweli?

#7 Mleta uzi

Dada wa Houston, karibu sana, na pole kwa siku ile ingawa mimi niliruka juu.

Simweki wa nane kumdharau. Domínguez anapiga mikono yote miwili, lakini upande wake wa kushoto ndio wenye moto. Wa kulia bado unajifunza. Nafasi ya nane inampa miezi miwili ya kuikosa mipira bila kila mtu kumtazama. Akishika, apandishwe. Hata kesho.

Ulinzi, ndiyo, una maswali. Amekulia uwanja wa kati. Kushoto kwa Yankee Stadium ni kupana, na mpira unaopigwa na mtu wa mkono wa kulia unapinda kuelekea mstari. Mtu aliyezoea kati anauona mpira ukimjia moja kwa moja, sasa anauona ukimkimbia pembeni. Hatua ya kwanza ikienda kombo, umechelewa. Hiyo haifundishwi kwa maneno, inafundishwa kwa mipira elfu. Kwa sasa tukiongoza ngwe ya nane au ya tisa, ningemwingiza Trent Grisham mahali pake. Grisham ana Glavu za Dhahabu mbili, tuzo za ulinzi bora, nyumbani kwake.

Na naomba mnielewe kwa nini nang'ang'ania ulinzi kiasi hiki. Tarehe 30 Oktoba, mechi ya tano ya fainali dhidi ya Dodgers. Tulikuwa tumezidiwa mechi tatu kwa moja lakini usiku ule tunaongoza 5 kwa 0, Gerrit Cole hajapigwa hata mpira mmoja salama mpaka ngwe ya tano inaanza. Ukurasa ule wa daftari ninao mbele yangu sasa hivi. Kiké Hernández, besi moja. Tommy Edman, mpira wa kunyooka kwa Judge pale kati, mpira wa kudaka usiku na mchana, ukamtoka kwenye glavu: kosa, 8. Will Smith, mpira wa kuburuza kwa Volpe, akarusha besi ya tatu, mpira ukagonga chini: kosa, 6. Besi zimejaa, hakuna aliyetolewa. Cole akawatoa Gavin Lux na Shohei Ohtani kwa straiki. K, K. Kalamu yangu iliandika hizo K mbili kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo, tundu lipo mpaka leo.

Kisha Mookie Betts akapiga mpira dhaifu wa kuburuza kwenda besi ya kwanza. Anthony Rizzo akaudaka, akageuka kumpa mrushaji. Mrushaji hakuwa besi. Cole alibaki amesimama ananyoosha kidole, Betts akapita. Alama moja. Freddie Freeman akaingiza mbili. Teoscar Hernández akaingiza mbili. 5 kwa 5, na mwisho tukafungwa 7 kwa 6, ubingwa ukaenda Los Angeles.

Kinachonikaa rohoni ni kwamba pale kwa Betts daftari halionyeshi kosa lolote. Kwa kanuni za kuandika, ule ni mpigo salama. Kosa la Judge limeandikwa, la Volpe limeandikwa, na lile ambalo lingetutoa kwenye ngwe ile tukiwa bado tunaongoza 5 kwa 0 halipo popote kwenye karatasi. Mtu atakayesoma ukurasa ule bila kuuona mchezo atadhani Betts aliupiga mpira vizuri.

Kwa hiyo nikiona Bellinger yuko kati na Judge amerudi zake kulia alikozoea, nafarijika. Nikiona Chisholm amerudi besi ya pili, nafarijika. Mwaka jana alipofika Julai walimpeleka besi ya tatu ambayo hakuwahi kuicheza, akafanya alichoweza kwa moyo wote. Mtu acheze kwake.

#8 Mdau, Dar es Salaam

Mkuu hapo kwa Cole umenikumbusha mbali. Mwalimu wetu Mjapani alikuwa anatukimbiza mrushaji aende besi ya kwanza hata mpira ukiwa umepigwa upande mwingine kabisa. Kila mara. Tulikuwa tunalalamika jua kali. Sasa naelewa.

Besi ya tatu umeiruka. Nani?

#9 Mleta uzi

Hapo sina mengi, kwa kweli. DJ LeMahieu ndiye mkongwe lakini msimu uliopita ulikuwa mgumu sana kwake, na mwezi huu ameumia msuli wa ndama. Oswald Peraza ana glavu nzuri, gongo bado. Oswaldo Cabrera wa Venezuela anacheza karibu kila nafasi uwanjani, anapiga mikono yote, na anacheka hata akiwa amechafuka tope usoni. Mpeni Cabrera. Akishindwa tutanunua mtu Julai.

Linalonisumbua zaidi ni warushaji, ingawa uzi si wao. Cole amepasuliwa kiwiko tarehe 11 mwezi huu, msimu umekwisha kwake. Luis Gil, mgeni bora wa ligi ya Amerika mwaka jana, ameumia msuli wa mgongoni na hatarusha kwa wiki nyingi. Tumemleta Max Fried kwa miaka minane, dola milioni 218, tukidhani atakuwa wa pili nyuma ya Cole. Sasa ni Fried na Carlos Rodón wabebe. Hii inazidisha uzito wa swali langu la kwanza. Mwaka jana tulimaliza juu ya Baltimore kwa mechi tatu tu. Wenye hesabu wanasema kupanga foleni vizuri au vibaya hakuleti tofauti kubwa kwa msimu mzima, pengine mechi moja au mbili. Mimi hizo mechi moja au mbili nazitaka.

#10 Mdau, Toronto

Nakubali mengi. Lakini bado: mdakaji wa kwanza kwenye foleni, Julai, joto la nyuzi 35, mechi ya usiku ikifuatiwa na ya mchana? Wells ataisha. Na akiisha, si gongo tu linaloteseka. Mdakaji ndiye anayemwongoza mrushaji mpira gani aurushe. Na ndiye anayeudaka ule wa pembeni kwa utulivu mpaka mwamuzi anauhesabu straiki. Wells kwenye hilo ni miongoni mwa walio bora. Mnahatarisha kitu chenu bora kwa ajili ya zamu 18.

#11 Mleta uzi

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote humu, na sitaikimbia. Ni kweli. Ndiyo maana nasema asianze dhidi ya mashoto, na mechi ya mchana baada ya usiku apumzike kabisa, Rice apande wa kwanza. Mechi 110, 115 akiwa pale juu zinatosha. Akionyesha dalili za kuchoka mwezi wa sita, mshushe, hakuna aliyeapa.

#12 Mleta uzi (taarifa mpya)

Wadau, J.C. Escarra ameingia kikosini kama mdakaji wa pili! Huyu ni mtu wa miaka 29 ambaye timu iliwahi kumwacha, akawa anaendesha Uber, akafundisha shule kama mwalimu wa kushikilia vipindi, akacheza ligi za pembeni ambako hakuna anayetazama. Amempigia mama yake simu kumwambia amefika ligi kuu. Niliitazama ile video nimesimama karibu na sinki, maji yanatiririka, nikasahau kuyafunga.

Na kwa uzi wetu hii ina maana moja kubwa. Escarra ni mashoto, na ni mdakaji kweli. Wells sasa ana mtu wa kumpumzisha. Mdau wa Toronto, nadhani nusu ya hofu yako imepata dawa.

#13 Mdau, Houston

Mungu ambariki yeye na mama yake. Hapo hata sisi wa Astros tunapiga makofi.

#14 Mleta uzi (27 Machi, usiku)

Karatasi ilitoka mchana nikiwa kwenye treni. Wa kwanza: Wells.

Nilifika jikoni nikawasha redio, nikachora ukurasa mpya. Mrushaji wa Brewers ni Freddy Peralta, mkono wa kulia. Nilikuwa bado napanga vitunguu. Wells akapiga zamu ya kwanza ya msimu mzima wa Yankees, homurani kwenda kulia. Yule mzee wangu Mdominika, ambaye sasa amestaafu, akanipigia simu kabla Wells hajamaliza kuzunguka besi. Hakusema kitu, alikuwa anacheka tu.

Volpe naye amepiga homurani. Tumeshinda 4 kwa 2. Mrushaji wetu wa mwisho, Devin Williams, aliwaachia wakajaza besi zote ngwe ya tisa kabla ya kuifunga, na moyo wangu haujarudi sawasawa.

Rodón amemaliza kazi yake, kesho mapumziko, Jumamosi tunakutana na mrushaji mashoto, Nestor Cortes, wetu wa zamani. Nataka kuona kama Goldschmidt atakuwa wa kwanza. Dada wa Houston, Domínguez nimemwangalia kushoto, nina maneno mawili matatu juu ya hatua yake ya kwanza. Naandika kesho nikiamka.